Mwenye ukumbi anataka nusu ya pesa Ijumaa, mchungaji bado hajatupa tarehe

*Shikamoo Shangazi,*

*Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Mbalizi, nina miaka 28. Mchumba wangu ni fundi umeme wa magari, kwao ni Tukuyu, ila anaishi na kufanya kazi Mbeya mjini. Mahari imeshatolewa, wazazi wa pande zote wameridhia, na tumepanga kufunga ndoa Jumamosi ya pili ya Desemba. Kamati ya harusi imekaa vikao vitatu. Mwenyekiti ni rafiki wa baba mkwe, lakini ukweli ni kwamba mwenye kauli ya mwisho ni baba mkwe mwenyewe.*

*Tunapokwama ni kwenye ukumbi. Baba mkwe anataka ukumbi mmoja mkubwa wa katikati ya mji, unaoingiza watu 500. Upo ghorofa ya pili, una vioo na taa nzuri, na kusema kweli mimi mwenyewe nilipouona niliupenda. Bei yake ni shilingi 2,800,000. Chakula lazima wapike wao, sahani 20,000, na hawakubali chini ya sahani 400. Mimi na mchumba wangu tuliona ukumbi mwingine Uyole, pembezoni mwa jiji, wa watu 250, kwa 1,200,000, na pale tunaruhusiwa kuja na wapishi wetu na vinywaji vyetu. Baba mkwe alipousikia alisema hawezi kuwaita watu wazima Uyole wakakae kwenye ukumbi wa kubanana.*

*Ahadi za michango kwenye daftari zimefika 24,600,000. Fedha iliyokwisha kuingia ni 7,150,000.*

*Sasa mwenye ukumbi wa mjini amesema kuna watu wengine wanaitaka siku hiyo hiyo. Tukifika Ijumaa hatujalipa nusu, yaani 1,400,000, anawapa wao. Tukamwomba mkataba, akasema yeye hana mambo ya mikataba, ameshatuandika kwenye daftari lake na inatosha. Namba aliyotupa ya kutuma pesa ni ya simu ya mtu binafsi, na jina linalotokea si lake wala si la ukumbi. Halafu dada anayetupambia ametudokeza kuwa siku hiyo hiyo mchana pale kuna sendoff ya watu wengine. Na kanisani kwetu tumeanza mafundisho ya ndoa, lakini mchungaji bado hajatuthibitishia tarehe.*

*Mchumba wangu anaogopa kumpinga baba yake. Mimi naogopa kuingia kwenye ukoo wa watu nikiwa nimeshaonekana mbishi. Bibi yake, aliyemlea, ana miaka zaidi ya 80 na anatembelea fimbo, na kila siku anauliza harusi ni lini. Kikao kijacho ni Jumapili. Nishauri Shangazi, tulipe Ijumaa au tuuache?*

*Mwalimu, Mbalizi*

*

Marahaba mwanangu. Ijumaa msilipe. Nimeanza na hilo kwa sababu siku zilizobaki ni chache, na haya mengine hata ukiyasoma Jumamosi hayajaharibika.

Mnataka kulipia siku ambayo bado si yenu. Siku ya ndoa huitoa kanisa, ukumbi unafuata nyuma. Kuna mafundisho, kuna matangazo ya Jumapili tatu, na hata Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa ya kusudio la ndoa itolewe siku zisizopungua 21 kabla ya kufunga. Juu ya hayo ni Desemba, mwezi ambao watoto wa Mbeya walioko Dar es Salaam na Dodoma wanarudi likizo, na kila familia yenye ndoa inazitaka Jumamosi zile zile nne. Nimekuwa mweka hazina wa kamati za harusi hapa mjini kwa miaka mingi, na nimeshaona kamati ikilipa ukumbi wa Jumamosi, kisha ofisi ya usharika ikasema siku hiyo ndoa zimejaa. Mwenye ukumbi hakuwa na siku nyingine na pesa hakurudisha. Kwa hiyo kesho baada ya vipindi, wewe na mchumba wako nendeni kwa mchungaji. Msiombe akumbuke tu. Mwombeni aandike tarehe na saa ya ibada kwenye kitabu cha ofisi mkiwa mmesimama pale. Saa nayo ina uzito: ibada ya saa nne asubuhi na ibada ya saa nane mchana ni harusi mbili tofauti kwa mpambaji, mpishi na mgeni anayetoka mbali.

Sasa tuje kwenye hesabu. Nimeirudia barua yako na kalamu mkononi. Ukumbi wa mjini ni 2,800,000. Sahani 400 kwa 20,000 ni 8,000,000, na hizo mtazilipa hata wakija watu 260. Jumla ni 10,800,000, na bado hujagusa soda, bia, mapambo, muziki, mshereheshaji, picha, keki, gauni wala magari. Mkononi mna 7,150,000. Maana yake ukumbi na chakula peke yake vimeshavuka fedha iliyopo kwa 3,650,000. Uyole, ukipata mpishi mzuri wa sahani 14,000 kwa watu 250, chakula ni 3,500,000, na ukumbi 1,200,000, unapata 4,700,000. Hapo kamati inabaki na 2,450,000 ya kuanzia mambo mengine, huku ahadi zikiendelea kuingia pole pole.

Ahadi ni kitu chema na mwenye kuahidi mara nyingi anakusudia kweli. Lakini mtu anaahidi Agosti akiwa na gunia za mahindi ghalani, na Novemba ikifika anakuta mbolea, mbegu na ada za Januari vyote vinamwita. Nyanda zetu hizi, msimu wa kupanda na msimu wa harusi za Desemba vinaingiliana, na shamba ndilo linaloshinda. Mimi kwenye vikao vyangu ukumbi huwa naupanga kwa fedha iliyoingia pamoja na sehemu ndogo tu ya ahadi, zile za watu ambao daftari la miaka iliyopita linaonyesha hutimiza. Zikija nyingine, zinaongeza nyama. Zisipokuja, hakuna anayekimbia kukopa wiki ya harusi. Nimewaona maharusi wakianza maisha na deni la ukumbi, na deni hilo linakaa mezani nao kila jioni kwa mwaka mzima.

Hapa nataka nimtetee kidogo baba mkwe wako. Unamwona kama mtu anayetaka fahari. Mimi namwona mtu mwenye daftari. Kwa miaka mingi amechangia harusi za wenzake, misiba ya wenzake, sendoff za mabinti wa wenzake. Sasa mtoto wake anaoa, na kila aliyemchangia anastahili kadi. Akiwaita watu 250, kuna mzee atabaki nje ambaye yeye alikula kwenye harusi ya mwanawe. Hiyo ni aibu ya kweli kwake, na mkienda kikaoni na neno la bei tu hamtamgusa. Lazima mwende na jibu la wale watu wake.

Jibu ninaloliona ni hili. Wengi wa watu wake wako Rungwe, wilaya yenye Tukuyu, si ndiyo? Basi Jumapili inayofuata harusi, baada ya ibada, mpelekwe nyumbani Tukuyu, wazee wamkaribishe bibi harusi rasmi. Ndizi zipo shambani, ng'ombe mmoja anachinjwa, wali wa Kyela unapikwa na akina mama wenyewe wa pale. Wazee wanakaa kwenye viti vyao, wanaongea kwa lugha yao, hakuna mshereheshaji anayewakatisha kwa sababu muda umeisha. Tukuyu inanyesha wakati wowote, kwa hiyo turubai likodiwe zuri, lenye mteremko na mitaro iliyochimbwa pembeni. Hapo baba mkwe anawahudumia watu wake wote kwa heshima kuliko kuwapandisha ghorofani mjini. Jumamosi wanakuja wenye kadi na familia za karibu za pande mbili. Na kwenye kuhesabu msisahau kwamba kadi ya dabo ni watu wawili. Kamati nyingi huhesabu kadi, siku ya harusi viti vinapungua na watu wanaanza kulaumiana mlangoni.

Kisha kuna Bibi. Umemtaja mwishoni kwa sentensi moja, ila mimi yeye ndiye amenifanya niandike kwa kirefu. Ghorofa ya pili, fimbo, miaka zaidi ya 80. Atabebwa na vijana kwenye ngazi, mbele za watu, akiwa amevaa vitenge vyake vipya? Na akitaka kwenda msalani saa tatu usiku? Mwanamke aliyemlea bwana harusi aingie kwa miguu yake mwenyewe, asimame, apigiwe vigelegele. Ukumbi usiomwezesha Bibi kuingia hivyo, kwangu mimi umeshaanguka, hata kama vioo vyake ni vya dhahabu.

Wageni wa Tukuyu nao wafikiriwe. Ni kilomita 70 hivi, na gari likishuka kutoka huko linafika Uyole kabla ya kuingia mjini. Ukumbi wa katikati unawataka waipite Uyole, waingie kwenye ile barabara kuu ya kwenda Tunduma pamoja na malori yote ya Zambia, na tangu kazi ya njia nne ianze mnajua wenyewe foleni ilivyo. Saa sita usiku wanarudi njia hiyo hiyo, kisha wapande Igawilo kuelekea Isyonje, ambako Desemba ukungu na mvua vinaweza kumfanya dereva asione hata mstari wa barabara. Mkikodi Coaster, dereva atawauliza mnamaliza saa ngapi na wapi, na bei atapanga kwa majibu hayo. Uyole mnaokoa muda, mnaokoa pesa, na mnapunguza hatari ya usiku.

Hata hivyo sikwambii mkalipe Uyole kesho. Kule nako hamjakagua, mmeuona tu. Na ukumbi hauonekani mchana ukiwa mtupu. Tafuteni Jumamosi ambayo kuna harusi ya watu, mmwombe msimamizi awaruhusu kusimama nyuma kwa dakika 20, saa tatu usiku. Hapo mtaona vyoo vikoje watu wakiwa ndani, maji yanatoka au yamewekwa kwenye ndoo, magari yanakwama kwenye tope au la, na kama upepo wa baridi unapenya mpaka kwenye meza za wazee.

Angalieni juu pia. Binti wa dada yangu aliolewa Desemba kwenye ukumbi wenye bati tupu, bila dari. Mvua ilianza wakati baba yake amesimama kutoa nasaha. Mzee alizungumza dakika kumi, machozi yanamtoka, na hakuna aliyesikia hata neno moja kwa sababu bati lilikuwa linanguruma. Hata kwenye video unaona mdomo tu unacheza. Mimi tangu siku hiyo kitu cha kwanza ninachotazama nikiingia ukumbini ni dari.

Na jenereta. Msiulize kama lipo, kila mtu atawaambia lipo. Mwombeni aliwashe mbele yenu, aunganishe taa na spika, mkae dakika chache mlisikilize. Muulize mafuta ya usiku huo ni juu ya nani, na nani analiwasha umeme ukikatika, na huyo mtu hukaa pale mpaka mwisho au huenda kulala. Muulize pia muziki unazimwa saa ngapi. NEMC, wale wa baraza la mazingira, wanasimamia sheria ya kelele na majirani siku hizi wanajua kupeleka malalamiko. Mkiambiwa saa sita, pangeni ratiba iishe saa tano na nusu, maana kukata keki kwa haraka huku mlinzi anagonga mlango kunawaharibia kumbukumbu.

Lile la sendoff ya mchana siyo dogo. Kama watu wale wanatoka saa kumi na moja na ninyi mnaingia saa moja, mpambaji wako ana saa mbili za kutoa mapambo ya wenzake, kufagia, kuvalisha viti mia kadhaa na kupanga meza kuu. Mwulize yeye anahitaji saa ngapi, kisha hizo saa ziingie kwenye maandishi. Ulizeni swali hilo hilo Uyole.

Ndiyo, maandishi. Makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba mbele ya Sheria ya Mikataba, lakini siku mkigombana utathibitishaje? Daftari ni lake, kalamu ni yake, na jina lenu linaweza kufutwa. Mwenye ukumbi anayekataa kuandika karatasi moja kwa pesa ya milioni na laki nne amewaeleza mapema atakavyokuwa siku mkiwa na shida. Karatasi yenyewe haihitaji wakili wala maneno magumu. Iseme tarehe, saa ya kuingia mpambaji na saa ya kutoka, bei kamili na kama VAT imo ndani, viti na meza ngapi, jenereta na mafuta, vinywaji kutoka nje vinaruhusiwa bure au kwa ada ya shilingi ngapi kwa kreti, na kitu kikivunjika nani analipa. Iseme kiasi cha kutanguliza na tarehe ya kumalizia. Halafu lile ambalo kamati huona aibu kuliuliza: ikitokea msiba, au kanisa likabadilisha tarehe, pesa inahamia siku nyingine au inarudi, na ni kiasi gani. Na yeye akiwaangusha, ukumbi ukiwa umepewa watu wawili, anarudisha nini. Hilo lisemwe kabla hamjatoa shilingi. Baada ya kulipa hamna tena cha kumshikia. Isainiwe na pande mbili na mashahidi, kila upande ubaki na nakala.

Pesa iende kwenye Lipa Namba au akaunti ya benki yenye jina la ukumbi au la mmiliki aliyesaini. Kabla ya kuingiza namba ya siri, jina linatokea kwenye simu. Likiwa geni, acha. Na dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Ni haki yako na ni wajibu wako kisheria, tena ndiyo ushahidi mzuri kuliko ujumbe wa simu unaofutika. Kama Uyole watataka nusu, waombeni wapokee theluthi sasa na nyingine mwezi Novemba. Wengi hukubali, hasa mkienda katikati ya wiki na si Jumamosi wakiwa wamezongwa.

Kuhusu baba mkwe, wewe usiseme kitu kikaoni. Sikuzibi mdomo, mwanangu. Ni kwamba neno la mkwe mtarajiwa juu ya pesa za ukoo halisahauliki haraka. Hili ni la mchumba wako, na hata yeye asiende peke yake. Amtafute mshenga wenu au baba yake mdogo, mtu ambaye baba mkwe humsikiliza, wakae naye nyumbani kabla ya Jumapili, usiku, bila wanakamati. Waanze na Bibi na zile ngazi. Kisha Jumapili ya Tukuyu na turubai lake. Pesa iwe ya mwisho. Mtu mzima akishapewa njia ya kuwaheshimu watu wake, hesabu anaiona mwenyewe.

Na mwenyekiti aombwe abadili mpangilio wa ajenda za Jumapili. Vikao vingi vinaanza na ukumbi kwa sababu unanoga kuzungumzwa. Mweka hazina asome kwanza: ahadi kiasi gani, taslimu kiasi gani, nani hajatoa. Namba zikishasomwa kwa sauti, mjadala wa watu 500 hautachukua muda mrefu.

Alhamisi, mchumba wako amtumie mwenye ukumbi wa mjini ujumbe wa adabu. Unaweza kuwa hivi: "Shikamoo mzee. Tunashukuru kwa kutuwekea nafasi. Bado tunasubiri kanisa litupe tarehe na kamati inakaa Jumapili, hivyo Ijumaa hatutaweza kulipa. Kama kuna wengine walio tayari, wape, hatutakuwa na kinyongo. Kama nafasi itabaki, tutaomba makubaliano ya maandishi na muda wa mpambaji kuanzia asubuhi." Ikiwa kweli kuna wateja wengine, watachukua na ninyi hamjapoteza kitu. Ikiwa hawapo, atawapigia simu mwenyewe wiki ijayo, na sauti itakuwa imelegea.

Mkishapata ukumbi, Bibi mwekeeni kiti chenye mkono wa kuegemea, karibu na ukuta, mbali na spika, mahali atakapoona meza kuu bila kusimama. Na mpelekeeni tarehe mara mchungaji atakapoiandika, awe wa kwanza kuambiwa.

Shangazi